Jina la Mtutuni na Jina la Mtambo: Lipi Humtambulisha Fundi wa Gobori la Marekani?

Anayeshika gobori la Marekani la karne ya 18 au 19 huweza kukuta majina mawili yasiyolingana: moja juu ya mtutu, jingine kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia. Hili la pili ndilo huwapotosha wengi. Mafundi wengi hawakutengeneza mitambo yao, bali waliinunua, mingine ikiwa imeagizwa kutoka Birmingham, Uingereza. Hivyo jina Ketland, la watengenezaji wa Birmingham, hutaja chanzo cha mtambo tu, na Golcher, jina jingine la watengenezaji wa mitambo, huonekana kwenye bunduki za mafundi mbalimbali.

Jina la mtutuni lina uzito zaidi. Jacob Dickert wa Lancaster, Pennsylvania, alichonga jina lake kwenye ubapa wa juu wa mtutu wenye pande nane, na ndugu Hawken wa St. Louis walipiga chapa yao papo hapo. Hata hivyo, mitutu nayo iliuzwa kwa mafundi, ikiwamo ya kiwanda cha bunduki cha Remington, kwa hiyo chapa iliyojificha upande wa chini, unaolaliwa na mbao, huenda ni ya mtengenezaji wa mtutu peke yake. Jina la juu likiwa limefutika, mimi ningeliamini umbo la kitako na nakshi za shaba kabla ya kuliamini bamba la mtambo.