Maiki imekufa, muuzaji anasema "gemu ndivyo lilivyo": Takeshi no Chōsenjō kwenye Famicom ya mtumba

Mwenye haraka aondoke na hili: usinunue. Kaseti ni Takeshi no Chōsenjō, gemu la kampuni ya Taito la mwaka 1986, na mashine ni Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo, ya mtumba kutoka Japani. Vimeuzwa pamoja kama "seti kamili, imejaribiwa". Kaseti ni nzima, mashine inawaka, picha safi. Kilichokufa ni maiki ya pedi ya pili, yaani ile ya kushika mchezaji wa pili, na kwenye gemu hili asiye na maiki hatoki mjini. Malalamiko yalipomfikia muuzaji, jibu lake lilikuwa hili: "Bosi, hilo gemu dunia nzima inajua ni bovu. Usinisingizie mimi."

Kinachoudhi zaidi ni kwamba jibu hilo lina ukweli ndani yake. Gemu hili lilitengenezwa limkere mchezaji. Mwenye kubuni vituko vyake ni mchekeshaji Beat Takeshi, yaani Kitano Takeshi, nusu ya kundi la vichekesho la watu wawili, Two Beat, ambaye nchi za nje zilikuja kumjua kwa filamu zake na kwa shindano la TV la Takeshi's Castle. Wachekeshaji wengi huingia kwenye magemu kwa kuazimisha sauti au kuweka sura kwenye boksi, hela wakachukua, wakaondoka. Huyu aliingia na tabia yake yote. Tena gemu lilitoka tarehe 10 Desemba, siku moja tu baada ya yeye na vijana wake kuvamia ofisi za jarida la Friday jijini Tokyo. Kwa hiyo mtu aliyefungua boksi lile siku ile alikuwa ameshaonywa na magazeti.

Sasa ona hadithi yenyewe. Wewe ni mfanyakazi wa ofisini, umepokea bonasi. Ili uende kisiwani kutafuta hazina inabidi kwanza uache kazi na umpe mkeo talaka. Ukisahau mojawapo, gemu halikwambii kitu. Unaendelea saa nzima, unapanda ndege, unafika, halafu unakuja kurudishwa nyumbani. Kila anayekatiza mtaani anakupiga, polisi wakiwemo. Ukifa unaonyeshwa msiba wako mwenyewe, na picha yako ikiwa mbele. Hata pale pa kuingiza namba ya siri ili uendelee ulipoishia kuna mzee kaketi. Mpige ngumi, unakufa hapohapo kabla hujaanza kucheza.

Hayo yote yanavumilika, hata yanachekesha. Mgogoro uko baa.

Unaingia baa, unakunywa, unaomba kuimba karaoke. Hapo inabidi uimbe kweli, kwa mdomo wako, kwenye maiki iliyo ndani ya pedi ya pili. Ukifaulu unaimba tena, na tena. Wahuni wanakuja kukuvuruga, unapigana nao, ndipo mzee mmoja anakuletea ramani isiyo na maandishi. Bila wimbo hakuna mzee, bila mzee hakuna ramani, na bila ramani utazunguka mji huohuo ukipigwa hadi umeme ukatike.

Watu wengi wanadhani maiki hii inapima kama umeimba vizuri, wanahangaika na sauti. Acheni. Famicom haisikii wimbo. Inachopokea kutoka kwenye maiki ni biti moja tu: kuna kelele, au hakuna. Haijui noti wala maneno. Ukipuliza "fuuu, fuuu" kwa vipindi, kwa mashine ni sawasawa na mwimbaji wa taarabu. Kwa hiyo anayekataliwa mara kwa mara ana moja kati ya matatizo mawili: anaacha ukimya mahali ambapo gemu linategemea kelele, au maiki yake haifiki kwenye mashine kabisa.

Utajuaje ni lipi? Hapa ndipo muuzaji anapoumbuka, maana kipimo kinachukua nusu dakika. Sauti ya maiki ya Famicom halisi hupitishwa pia kwenye spika ya TV. Washa mashine na kaseti yoyote, sukuma kile kitelezi cha sauti kwenye pedi ya pili hadi mwisho, puliza kwenye matundu. Usiposikia kitu kwenye TV, usianze kulaumu uimbaji. Telezesha kitelezi huku na huku mara nyingi, kwani kwa umri huu hujaa kutu na vumbi ndani, na mara nyingi hiyo tu inatosha kukirudisha. Kikikwaruza kwenye spika, ni habari njema: waya uko hai, kinachohitajika ni matone machache ya spiriti safi. Kukiwa kimya kabisa, fungua pedi.

Ndani ya pedi hii kulikuwa na aibu. Kebo siyo yake. Ni kebo ya pedi ya kwanza, au ya pedi ya bandia, yenye waya tano: chanya, hasi, na tatu za kusoma vitufe. Pedi ya pili inahitaji zaidi ya hizo kwa sababu ya maiki. Fundi aliyebadilisha kebo aliunganisha zile tano, vitufe vikafanya kazi, na waya za maiki akazikata zikabaki zinaning'inia chini ya tone la gundi ya moto. Hakusahau huyo. Mtu aliyesahau hapaki gundi.

Halafu ndiyo unaambiwa "gemu ni bovu". Pilipili kazi yake ni kuwasha, lakini nikikuta kipande cha chupa kwenye mchuzi usiniambie ndio ukali wa pilipili. Huo ndio ujanja wa kuuza kitu kilichotengenezwa na mchekeshaji: kila ubovu wa kweli unajificha nyuma ya utani. Pedi haisikii? Takeshi huyo. Namba ya siri haikubali? Takeshi huyo. Mnunuzi asiyefungua pedi angekaa wiki nzima akiimbia plastiki, akidhani anachezewa na bingwa wa vichekesho, kumbe anachezewa na mtu wa duka.

Kwa haki, niseme nilichokuta sawa. Kazi ya kubadilisha njia ya picha kuwa AV, yaani waya za picha na sauti badala ya antena, imefanywa kwa usafi, na ni lazima ifanyike, maana chaneli za Japani TV zetu hazizikamati. Lakini adapta iliyokuja kwenye boksi ni ya Kijapani, ya volti 100, na hakuna karatasi wala neno la onyo. Ichomeke kwenye 230 za ukutani uone moshi. Mashine yenyewe inataka takribani volti 9 hadi 10 za DC, kama ampea moja, na ncha ya katikati iwe hasi. Adapta nyingi za mitaani ncha yake ya katikati ni chanya, kwa hiyo pima na mita kwanza.

Wapo watakaouliza kama kaseti inaweza kuchezwa kwenye zile TV gemu za Kichina tulizokulia nazo. Inaingia, nyingi zina tundu lilelile la pini 60, na gemu linawaka. Ila pedi zake nyingi hazina maiki, na karaoke inakungoja palepale. Hata Famicom ya pili, ile ya 1993 yenye pedi za kuchomoka, ilitolewa bila maiki. Anayetaka salama atumie emuleta, programu ya kompyuta inayoiga mashine, maana huko maiki hugeuzwa kuwa kitufe. Mashabiki wameshatafsiri gemu kwa Kiingereza, jambo la maana kwa asiyesoma Kijapani. Lakini kubonyeza kitufe pale pa kuimba ni kuondoa kichekesho chenyewe. Takeshi alitaka mtu mzima akae sebuleni aiimbie pedi ya plastiki wimbo wa mapenzi huku familia inamtazama.

Na hapa, baada ya waya kulehemiwa upya, hasira yangu inaanza kuniangusha. Kwa sababu baa ikishapita, gemu linakuwa la ajabu mno. Ramani tupu unapewa njia mbili za kuifanya ionekane. Ukichagua jua, unasubiri saa nzima bila kugusa pedi. Ukiichovya majini, ni dakika tano hadi kumi. Gusa kitufe kwa kukosa subira, ramani imekwenda. Ikishaonekana, inabidi umpige yule mzee aliyekupa hadi umwondoe. Hakuna kinachokudokezea hivyo. Ukimwachia kwa adabu zako, atakufuata hadi pangoni na kukumaliza mlangoni mwa hazina. Ndege inakufikisha kisiwa cha kwanza tu; kile chenye hazina unakiendea kwa hang-glaida, bawa la kuelea angani bila injini, na hakuna kitufe cha kuipandisha. Inashuka tu, upepo ukitaka ndio inapanda. Kitabu cha mwongozo kilipotoka hakikutosha kuwafikisha watu mwisho, ikabidi kitoke cha pili.

Ukifika mwisho, unapata uso wa Takeshi na neno la pongezi, basi. Wengi huzima hapo wakiwa na machungu. Usizime. Acha mashine iwake dakika tano, ndipo anapokuuliza umepatwa na nini hadi ukalichukulia gemu kama hili kwa uzito hivyo. Nilikuwa nimeandaa nyota moja. Baada ya swali lile sijui tena. Ni mchekeshaji pekee angeweza kumfanya mtu ateseke namna ile ili tu apate kufunga utani mmoja, na mtu wa programu wa kawaida angeogopa kupoteza wateja.

Athari yake ipo wazi kwa aliyefuata nyuma. Arino Shinya wa kundi la Yoiko, naye mchekeshaji, alianza kipindi cha TV cha GameCenter CX mwaka 2003 kwa kuhangaika na gemu hilihili, na mwaka 2007 likatoka gemu la Nintendo DS, mashine ya mkononi, liitwalo Arino no Chōsenjō, jina limekopwa waziwazi. Hilo ndilo ningempa mtu asiye na moyo wa chuma: magemu ya kubuni ya mtindo wa miaka ya themanini, na humohumo kuna majarida ya kufungua yenye vidokezo. Marekani lilitoka 2009 kwa jina la Retro Game Challenge. Arino anakukejeli lakini anakuachia njia. Takeshi anakukejeli na njia anaificha.

Kwa hiyo kaseti: nyota nne, na ningesema tano kama ile hang-glaida isingekuwepo. Hapana, tatu, maana saa nzima ya kusubiri ramani ni saa nzima. Seti niliyouziwa: nyota moja, kwa ajili ya AV peke yake. Muuzaji baadaye alibadilisha lugha, akaahidi pedi nyingine "ya orijino kabisa", na picha aliyotuma ina Start na Select juu yake. Hiyo ni pedi ya kwanza. Ya pili haina vitufe hivyo, ina kitelezi na matundu ya maiki. Nimemwambia atume picha ya ndani, kifuniko kikiwa wazi na kebo inaonekana. Hadi naandika hapa, ujumbe una tiki mbili za bluu na hakuna picha.