Breki za baisikeli yangu ya madigadi: masika mawili kwenye barabara ya Gede

Nyumbani ni Malindi, kazi iko Gede, na siku sita za wiki naenda na kurudi kwa baisikeli, kama kilomita 16 kila upande. Baisikeli yenyewe ni ya mbio, mtumba wa Uingereza, niliipata Mombasa. Waendeshaji wengi wa kule huweka baisikeli moja maalumu kwa miezi ya baridi, yenye madigadi marefu mbele na nyuma, na ile nzuri huifungia ndani mpaka hali ya hewa itengenee. Barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Huku kwetu chumvi inaletwa na upepo wa bahari, kwa hivyo baisikeli yangu imetoka kwenye chumvi ikaja kwenye chumvi.

Niliichagua kwa ajili ya madigadi. Mvua za masika zikishika, asiyekuwa nayo anafika kazini na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi shingoni. Mimi nafika mgongo mkavu. Lakini madigadi yanadai nafasi kati ya tairi na breki, na nafasi hiyo hupatikana kwa kuirefusha mikono ya breki. Mkono ukirefuka, nguvu inayofika kwenye rimu inapungua, na kama kalipa, yaani kile chuma chenye mikono miwili inayoibana rimu, ni dhaifu, mikono inapinda kabla raba za breki hazijabana sawasawa.

Hilo sikulijua mpaka jioni moja ya mwezi wa Mei. Mvua inamwagika, nimekaribia mjini, tuktuk iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kuchukua abiria. Nilibana vishikio vyote viwili mpaka vikagusa usukani, na baisikeli bado inakwenda. Nikaitoa kwenye lami, nikaingia topeni, nikashuka miguu ikitetemeka. Nyuma yangu palikuwa na lori.

Kesho yake nilimwendea fundi wangu nikiwa nimeshaamua kununua kalipa mpya. Ni mzee aliyeanza ufundi enzi za Black Mamba, zile baisikeli nzito ambazo breki zake ni fito za chuma zinazoivuta raba juu, kwa upande wa ndani wa rimu. Alizungusha gurudumu, akabana, akaachia. "Mwanangu, weka pesa zako mfukoni kwanza. Tuzivue hizi raba tuzitazame."

Zilikuwa zimekauka, ukucha ukizikwaruza hauachi alama. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya alumini vinavyometameta kama magamba ya dagaa. Ni kazi ya mchanga wa barabarani: unanasa kati ya raba na rimu, unaikwangua rimu, na kilichokwanguliwa kinazama kwenye raba na kuendelea kuila. Mzee alivichomoa kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea magunia. Tangu siku hiyo, wakati wa masika, nafanya hivyo mwenyewe kila Ijumaa.

Kisha akavuta waya wa nyuma, ukatoka na kutu nyekundu. Hapo akanionyesha kitu kilichonitisha kuliko ile tuktuk. Aliyeitengeneza baisikeli kabla yangu alitumia ganda la waya wa gia, ule mrija ambao waya hupita ndani yake, kwenye breki. Ganda la gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu. La breki lina chuma bapa kilichojiviringa kama springi. Ukilitia la gia kwenye breki, laweza kupasuka siku ile unayobana kwa nguvu zako zote, na hiyo ndiyo siku unayoihitaji breki. Tafadhali, nawe yakague maganda ya kwako.

Raba mpya, nyaya mpya na maganda yanayostahili vilirudisha sehemu kubwa ya breki, kwa bei ndogo. Ningekuwa na pesa hizo tu, ningeishia hapo bila kinyongo. Ila nilipobana kwa nguvu bado niliiona mikono ya kalipa za zamani ikijikunja, kwani zilikuwa za kiungo kimoja, yaani mikono yote miwili inazunguka kwenye boliti moja. Nikaamua kuendelea.

Kabla ya kununua, pima. Unapima kutoka katikati ya boliti ya breki hadi katikati ya sehemu ya rimu inayoguswa na raba. Yangu ilitoa milimita 53 mbele na 55 nyuma. Kalipa za kawaida za baisikeli za mbio hufika kati ya 39 na 49, kwa hivyo hata uzipende vipi, hazitaigusa rimu. Nilichukua Tektro R539, za viungo viwili, zinazofika 47 hadi 57. Kampuni hiyo ina pia R559, ya 55 hadi 73, ambayo huwafaa waliobadilisha magurudumu ya zamani ya inchi 27 wakaweka ya kipimo cha 700C, ambayo ni madogo kidogo. Zangu zilinigharimu zaidi ya nusu ya bei ya baisikeli yenyewe, na sijazijutia.

Kazi ya kufunga ilikuwa na mahali pamoja pagumu. Kikamata cha madigadi ya mbele hukaa kwenye boliti ileile ya breki, na kinakula milimita zake. Nati ya kuzama, ile inayoingia ndani ya fremu kuishika boliti ya breki, niliyokuwa nayo ilikuwa fupi, ikashika nyuzi mbili tatu tu. Mzee alikataa kunipa baisikeli. Nikasubiri siku nne nati ndefu ije kutoka Mombasa, nikapanda matatu hizo siku nne, na alikuwa na haki. Tairi nazo nilianza na za upana wa milimita 28, zikapita, ila tope jekundu la upande wa Sabaki lilijaa chini ya madigadi yakawa yanakwaruza. Nikarudi kwenye 25.

Raba zilizokuja na kalipa nilizitoa nikaweka Kool-Stop za rangi ya samoni, ambazo zinasifika kwa mvua. Kuziseti, weka kipande cha kadi ya simu ya kukwangua chini ya ncha ya nyuma ya raba, bana, kaza, kisha kitoe. Ncha ya mbele inatangulia kuigusa rimu na kelele inakwisha.

Sasa, kwenye lami kavu, vidole viwili vinatosha. Kwenye mvua, rimu iliyolowa ni rimu iliyolowa: raba lazima iyafute maji kwanza, na hakuna kalipa ya kukuondolea hilo. Mimi nabana kidogo mapema, nikiwa bado mbali na makutano, ili nikibana kwa kweli rimu iwe imeshafutwa. Tofauti na zamani ni kwamba maji yakishafutika, baisikeli inasimama, na kishikio hakifiki kwenye usukani.

Watu huniuliza kwa nini sikuweka breki za diski. Fremu yangu haina pa kuzifungia, basi.

Matunzo ni maji matamu na kitambaa. Kisima chetu kina chumvi, kwa hivyo naiosha kwa maji ya mvua ninayoyakinga kwenye pipa. Tone la mafuta kwenye viungo vya kalipa, na mkono wako wenye mafuta uwe mbali na rimu, kwani mafuta yakiigusa kazi yote imeharibika.

Raba za mbele nimebadilisha mara moja, mwanzoni mwa masika haya. Za nyuma bado zina mifereji. Rimu ya mbele ndiyo inayonishughulisha sasa. Ule mfereji mwembamba uliochongwa kuonyesha ulaji umeanza kupotea upande wa kulia, na kidole kikipita hakiuhisi tena. Nimeshaagiza nyingine, ya spoki 32, na mpaka ifike naenda Gede kwa matatu.