MGB ya 1972: miaka yangu miwili ya raha na karaha

Naishi Reading huku Uingereza, kazini naenda na Toyota ya kawaida tu, ila miaka miwili iliyopita nikanunua MGB roadster ya 1972, kigari cha Kiingereza cha spoti cha watu wawili, paa lake turubai la kukunja, ile ya bampa za kromu, mama watoto mpaka leo anaiita "bajaji yako". Watu wananiuliza sana inaendaje, basi ngoja niseme ukweli.

Raha yake aisee. Unakaa chini kabisa karibu na lami, turubai umelikunja nyuma, injini ya 1800 na karbureta zake mbili inanguruma, spidi ni maili 50 tu lakini we unajiona uko kwenye rali. Jumapili asubuhi nashika ile barabara ya chini ya vilima kutoka Streatley kwenda Wantage, nikifika hata bili ya umeme nimeisahau. Mzee mmoja sheli alinishika nusu saa ananihadithia ya kwake aliyoiuza alipopata mtoto wa kwanza, macho yanamlengalenga. Halafu spea zipo tele, maana gari hizi zilitengenezwa hapo mjini Abingdon tangu 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, hata bodi nzima mpya unanunua.

Sasa karaha. Siku moja natoka kwenye harusi, mvua inanyesha, turubai linavuja kwenye goti langu (kila siku goti hilohilo), gari ikazima katikati ya kipilefti. Nikampigia baba Tanga, zamani alikuwa fundi wa Morris na Land Rover. Shikamoo yenyewe hakuiitikia vizuri, akasema, "Washa swichi, stata usiguse, niwekee simu nisikie." Nikaweka. Kimya. "Umesikia? Pampu ya mafuta hailii. Iko wapi?" Nikamwambia chini huko, nyuma kulia. "Ingia uigonge na kiatu." Baba, nimevaa suti. "Basi lala hapo na suti yako." Nikaingia uvunguni nikaigonga, tik tik tik tik, gari ikawaka. Kumbe pointi za pampu, vile vichuma vinavyogusana kuipa umeme, zimechoka.

Umeme nao. Watu wanazitukana waya za magari haya, ila yangu mara nyingi tatizo lilikuwa kutu kwenye ethi, pale waya zinapofungwa kwenye bodi, nilipiga msasa nikakaza na taa zikarudi zenyewe. Zilizobaki ni kazi ya aliyekuwa nayo kabla yangu, jamaa aliunga taa za nyuma kwa waya wa spika!

Kilichoniuma kweli ni sili, lile boksi la chini ya mlango. Gari hii haina chesesi ya peke yake, bodi ndo inabeba kila kitu, kwa hiyo sili zikioza gari inakatika kiuno. Zangu zilikuwa zimejazwa puti na kupakwa rangi ikang'aa, mi nikaangalia kromu na viti kama mtoto, welda akanila pauni 2,400. Ukienda kununua beba sumaku, pitisha chini ya milango yote miwili, isiponata ondoka zako hata kama muuzaji amekukaribisha chai.

Gharama nyingine si mbaya. Ikishapita miaka 40 kodi ya barabara hulipi na ukaguzi wa kila mwaka si lazima, ingawa mi bado naipeleka, breki si kitu cha kubahatisha. Petroli natia ya E5, yenye ethanoli kidogo, ni ghali zaidi, maana hii ya kawaida tangu 2021 ina ethanoli nyingi na inakula mipira ya zamani.

Nyota 4 kati ya 5. Mwezi uliopita nimefunga pampu mpya ya elektroniki isiyo na pointi, nikampigia baba kumpa habari, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Sasa hiyo ikigoma utaigonga wapi?"