Mwongozo wa Kununua Mashine ya Santuri: Anzia Wimbo wa Mwisho

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi zaidi na wapenzi wa roki ya zamani ni lile lile, ingawa kila mmoja hulieleza kwa maneno yake. Mtu amenunua mashine mpya ya santuri, ameiunganisha na amplifaya pamoja na spika alizozitunza kwa miaka mingi, ameweka albamu aipendayo kuliko zote, na nyimbo mbili tatu za kwanza zimemridhisha kabisa. Lakini kadiri sindano inavyokaribia lebo ya katikati, sauti ya mwimbaji inaanza kukwaruza, kila herufi s inachemka kama mafuta kwenye kikaango, na matoazi yaliyokuwa yakilia kwa uwazi yanageuka kelele. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa kwamba santuri ni chafu. Anaiosha, na mkwaruzo haupungui. Anaambiwa basi kwamba santuri yenyewe ina kasoro, kwa hiyo ananunua nakala nyingine ya albamu ile ile, na wimbo wa mwisho unakwaruza vile vile.

Kwa sababu hiyo ninazipanga mashine hapa kwa kipimo kimoja tu, yaani jinsi zinavyocheza sentimita chache za mwisho za kila upande. Sitazungumzia rangi ya mbao, Bluetooth, wala tundu la USB. Wala sitaingia katika mabishano ya mkanda dhidi ya mota inayozungusha sahani moja kwa moja, kwa kuwa mifumo yote miwili, ikitengenezwa vizuri, inatosha kwa masikio ya nyumbani. Hayo yote yameandikwa kwenye boksi. Kasoro ninayoisema haiandikwi popote.

Chanzo chake ni umbo la santuri lenyewe. Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la mfereji ambamo sindano hupita hupungua kadiri sindano inavyoingia ndani. Kwenye ukingo wa nje mfereji hupita chini ya sindano kwa mwendo wa takribani sentimita 51 kwa sekunde. Mwishoni mwa muziki, kiasi cha sentimita 6 kutoka kitovuni, mwendo huo umeshuka hadi sentimita 21. Mlio wa toazi uliokuwa umetandazwa mwanzoni sasa umebanwa katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya kwanza, na mawimbi yake yamekuwa madogo kiasi kwamba ncha nene ya sindano haiwezi kuyafuata. Hapo huongezeka tatizo la pili. Kifaa kilichochonga santuri ya awali kilisafiri kwa mstari ulionyooka kuelekea kitovuni, ilhali mkono wa karibu mashine zote za nyumbani umeshikizwa upande mmoja na husafiri kwa upinde. Matokeo yake ni kwamba sindano hulala sawasawa na mfereji katika sehemu mbili tu za kila upande, na kwingineko kote huwa imekengeuka kidogo. Na kosa dogo ambalo halisikiki kwenye wimbo wa kwanza husikika waziwazi kwenye wimbo wa mwisho.

Msikilizaji wa roki huumizwa na jambo hili kwa namna ya pekee, kwa sababu bendi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na mazoea ya kuuweka wimbo mzito zaidi pale ambapo santuri ni dhaifu zaidi. The Beatles waliifunga albamu yao ya mwaka 1967, ile ya Sgt. Pepper, kwa “A Day in the Life”, wimbo unaopanda kwa okestra nzima kabla ya kuishia kwenye mlio mrefu wa piano. Led Zeppelin, mwaka 1971, walikiweka kilele cha “Stairway to Heaven” mwishoni mwa upande wa kwanza wa albamu yao ya nne, baada ya muziki wa dakika nyingi kwisha kuujaza upande huo. The Who, mwaka huo huo, waliufunga upande wa pili wa Who's Next kwa “Won't Get Fooled Again”, pamoja na ukelele wake maarufu. Pink Floyd na Bruce Springsteen walifanya vivyo hivyo kwa albamu zao za mwaka 1973 na 1975. Mashine isiyoweza kucheza wimbo wa mwisho haiwezi kucheza roki, hata kama inacheza nyimbo nyingine zote kwa uzuri.

Naipa nafasi ya kwanza Technics SL-1500C, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hii. Ndiyo iliyotoa SP-10 mwaka 1970, ikiwa na mota iliyozungusha sahani bila mkanda, kisha SL-1200 mwaka 1972, mashine ambayo madijei waliikumbatia na watu wa nyumbani wakaidharau kwa miaka mingi bila sababu ya maana. Lakini upendeleo wangu una msingi mwingine. Vipimo vya mkono wa Technics vimepangwa hivi kwamba mojawapo ya zile sehemu mbili ambako sindano hukaa sawasawa iko karibu kabisa na mwisho wa muziki. Wahandisi wake walikubali kosa kubwa kidogo katikati ya santuri, mahali ambapo lina madhara madogo, ili walipunguze pale ambapo lina madhara makubwa. Kwa msikilizaji wa roki huo ni uamuzi sahihi, na sielewi kwa nini hautangazwi. Zaidi ya hayo, kichwa cha mkono huchomolewa kwa kufungua pete moja, kimo cha mkono hurekebishika, na katriji, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba sindano, hupangwa kwa kuhakikisha kwamba ncha ya sindano iko milimita 52 kutoka ukingo wa pale kichwa kinapounganishwa na mkono, kazi inayomtaka mtu awe na rula na subira tu. SL-1500C, iliyotoka mwaka 2019, ina pia kikuza sauti cha ndani kwa ajili ya santuri, na huuinua mkono yenyewe upande unapokwisha.

Udhaifu wake ni sindano inayokuja nayo. Ortofon 2M Red ina ncha ya duaradufu ya daraja la kawaida, na ni katriji yenye uchangamfu mwingi, lakini kwenye herufi s za wimbo wa mwisho inaonyesha kikomo chake. Dawa ipo karibu, kwani sindano ya 2M Blue, ya daraja la juu zaidi, huchomekwa kwenye mwili ule ule bila kufungua skrubu hata moja. Kinachoniudhi ni kwamba mnunuzi aliyekwisha lipa bei kubwa kiasi kile hapaswi kuanza kutafuta dawa siku ya pili. Bei za Technics kwa jumla zimekuwa za kuchukiza. Kampuni ilipoacha kutengeneza SL-1200 mwaka 2010, wauzaji wa mitumba waligundua ghafla kwamba kila mashine iliyochakazwa na kumbi za dansi ni kitu adimu. Mtu angetarajia kwamba kurudi kwa jina hilo mwaka 2016 kungezishusha bei hizo, lakini mashine mpya zilikuja na bei ya anasa, na mitumba ikabaki ilipokuwa. Anayefikiria kununua SL-1200MK2 ya zamani autikise mkono wake taratibu kwa vidole kabla ya kulipa, na akihisi kwamba unacheza kwenye beringi zake, aiache hapo hapo, kwa sababu mkono uliolegea hauwezi kuuongoza wimbo wa mwisho hata ukivalishwa sindano ya thamani.

Nafasi ya pili ni ya Audio-Technica AT-LP120XUSB, kwa sharti moja. Inakuja na katriji ya VM95E, yenye ncha ya duaradufu, ambayo inastahimilika tu. Sharti ni kuichomoa sindano hiyo na kuchomeka ile ya VM95ML, ambayo ncha yake imenolewa kuwa nyembamba sana upande unaogusana na mawimbi ya mfereji. Kampuni yenyewe hukadiria kwamba sindano ya duaradufu hudumu saa 300 hivi, na hii nyembamba saa 1000, kwa hiyo hata hesabu ya fedha haiko mbali sana na hesabu ya masikio. Nakiri kwamba LP120X iliyovalishwa sindano hiyo huishinda SL-1500C yenye 2M Red katika jambo hili hili ninalolishikilia. Naiweka ya pili kwa sababu mkono wake haukutengenezwa kwa ustadi ule ule, na kwa sababu moyo wangu, kama nilivyokwisha sema, uko kwingine.

Rega Planar 3, ya Uingereza, ni ya tatu, jambo litakalowakasirisha wengi wanaoiabudu. Mkono wake ni bora kuliko wa mashine nyingi za daraja lake, na katriji za Rega zenye skrubu tatu hukaa mahali pake bila mnunuzi kupima chochote, faida kubwa kwa mtu asiye na mkono mtulivu. Tatizo huanza anapotaka katriji ya kampuni nyingine, kwa kuwa kimo cha mkono hakirekebishiki bila kuongezewa vipande vya chuma chini yake, na pembe ya sindano huachwa kwa bahati. Pia kuhamia mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika kunamtaka mtu aiinue sahani na kuusogeza mkanda kwa kidole, jambo ambalo wapenzi wa Rega huliita usafi wa muundo na mimi naliita usumbufu.

Pro-Ject Debut Carbon EVO ni ya nne. Mkono wake wa nyuzi za kaboni ni mwepesi na mgumu, lakini mara nyingi inauzwa na 2M Red ile ile, na mvuto unaousukuma mkono kuelekea kitovuni hupingwa kwa kijiuzito kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho nimekikuta kimeachwa ndani ya boksi na watu walioshangaa kwa nini spika ya kulia inakwaruza kuliko ya kushoto.

Kwa upande wa zile za bei nafuu, AT-LP60X haiharibu santuri na hujiendesha yenyewe, lakini ncha yake ni ya mviringo na hakuna kinachorekebishika, kwa hiyo wimbo wa mwisho utasikika kama utakavyosikika. Zile za sanduku la kubeba mkononi zisinunuliwe kabisa.

Wauzaji ndio wanaonikatisha tamaa zaidi. Muulize muuzaji umbo la ncha ya sindano, naye atakutajia uzito wa sahani. Muulize kama katriji imepangwa kwa karatasi ya kipimo, naye atakuhakikishia kwamba imetoka kiwandani ikiwa tayari, ilhali kile kiuzito cha kuusawazisha mkono kiko ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye chumba cha maonyesho atacheza wimbo wa kwanza wa upande, kila mara, na mnunuzi asiyejua ataondoka akiamini kwamba amesikia mashine. Omba uchezewe dakika tatu za mwisho za upande mrefu, wenye sauti ya mwanamke au matoazi mengi, na uisikilize spika ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake. Muuzaji akikataa, usinunue kwake.

Jaribio hilo lifanywe kwa santuri uliyoinunua ikiwa mpya. Santuri kuukuu iliyochezwa kwa miaka na sindano nzito au iliyokwisha imeshachimbwa kwenye kuta za mfereji, hasa mwishoni mwa upande, na mkwaruzo wake umekuwa sehemu ya plastiki yenyewe. Sindano nyembamba wakati mwingine hugusa sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuifikia na kuokoa kiasi fulani, lakini VM95ML haiwezi kurudisha kilichokwisha sagwa, na mashine isihukumiwe kwa kosa la mwenye santuri aliyetangulia.