Seti ya klachi ya Exedy kwenye Hilux 5L, nimefunga mwenyewe nyumbani: klachi safi, ila flaiwili ndo kila kitu

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Seti ya Exedy kwa Hilux ya dizeli yenye injini ya 5L (hilo ni jina la injini, sio lita tano) ni mzigo wa maana, nunua bila wasiwasi, na kuifunga unaweza kuifunga mwenyewe nyumbani kama una sakafu ngumu, stendi za chuma na mtu mmoja au wawili wa kukushikia giaboksi. Ila kama huna mpango wa kuigusa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo pleti ya klachi inabanwa juu yake, basi hela yako kaa nayo kwanza, manake klachi mpya juu ya flaiwili mbovu ni hela unaichoma kwenye mlima wa kwanza.

Gari yenyewe ni pikapu singo kebini, inavuta nyuma tu, cc 2986, inashusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini. Anayeijua barabara ya Mgeta anajua klachi inavyoteseka kule, kona kali, mlima, mzigo, afu unakutana na lori katikati ya mlima inabidi usimame na uondoke tena. Klachi ya mwanzo ilifungwa gereji moja hapa mjini, wakaweka pleti na presha (ile sahani yenye springi inayoibana pleti kwenye flaiwili) mpya, flaiwili wakaipiga msasa wa mkono tu na kurudisha. Haikuchukua muda gari ikaanza kutetemeka ukiachia pedali, baadae ikawa inateleza, unakanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, na harufu ile ya kuungua kila mtu anaijua.

Safari hii nikasema naifanya mwenyewe na kila kitu nakiona kwa macho.

Seti niliagiza Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi. Bei sitaji maana inapanda na kushuka na dola, ila ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yale maboksi yasiyo na jina. Duka la kwanza nililopigia walinitumia picha ya boksi lenye jina la Exedy, maandishi yamefifia, namba ya boksi na namba iliyogongwa kwenye presha haviendani, nikaachana nao. Kampuni ya kweli ni ya Japani, Osaka huko, zamani ilikuwa inaitwa Daikin na jina la Exedy limeanza kutumika 1995, kwa hiyo ukimsikia mzee wa gereji anasema Daikin usimbishie, ni walewale. Niliyoipata mimi ndani ina pleti, presha, rilizi beringi (inayosukuma presha ukikanyaga pedali), pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) na kile kishikio cha plastiki cha kuseti pleti katikati. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni ripiti za pleti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia uso wake, zimezama ndani vizuri kabisa. Toyota wanasema ripiti ikibaki na kina cha chini ya milimita 0.3 pleti imekwisha, sasa ile ya zamani ripiti zilikuwa zimeshaanza kuchora chuma. Meno ya katikati ya pleti mpya yaliingia kwenye shafti ya giaboksi yanateleza laini bila kucheza, hapo roho ikatulia.

Kufungua sio kazi ya kutisha ila ni kazi ya mwili. Toa waya wa hasi wa betri kwanza kabisa, kwa sababu stata lazima itoke na waya wake mnene una moto muda wote. Gari juu ya stendi, sio tofali, sio jeki peke yake, nasema tena sio tofali, tofali linapasuka bila kukuaga na wewe uko chini. Mkono wa gia unatokea ndani ya kebini, ile kofia yake unaibana chini na kitambaa unazungusha kinyume cha saa inaachia. Propela shafti ikitoka mafuta ya giaboksi yanamwagika kwa nyuma, funga mfuko wa nailoni na mpira pale au yamwage yote mapema. Silinda ya klachi ya chini unaifungua bolti mbili na kuining'iniza pembeni na mpira wake, huna haja ya kufungua bomba la mafuta. Giaboksi inakaribia uzito wa mfuko wa simenti na haina pa kushika, kwa hiyo jeki ya pili yenye ubao juu yake, na mdogo wangu upande wa pili. Usikubali hata dakika moja giaboksi ining'inie kwenye shafti yake ikiwa ndani ya pleti, inapinda pleti na hutojua mpaka uwashe gari.

Lile vumbi jeusi ndani msilipulize na kompresa jamani. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, na hujui gari lako lilifungwa nini miaka ya nyuma. Lowanisha, futa na kitambaa, kitupe.

Sasa flaiwili. Ilivyotoka ikaonekana kila kitu, kuna madoa ya bluu karibu kuizunguka yote, na vimipasuko vidogo vidogo kama nywele kwenye sehemu pleti inapokaa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa lethi, mashine ya kukereza vyuma, hapa mjini, akaipitisha kidole, akauliza, "Kijana wangu, unataka ing'ae au unataka ikae sawa?" Nikamwambia mzee wangu nataka ikae sawa. Akanionyesha kwa nini ameuliza: lile doa la bluu ni chuma kilichopikwa na joto kikawa kigumu kuliko jirani yake, kisu cha lethi kikifika pale kinaruka, kinaacha kimlima kidogo ambacho kwa macho hukioni, flaiwili inang'aa kama mpya na gari ikirudi inatetemeka vilevile. Kwa hiyo alitoa kwanza zile pini za kuongozea presha, akaikereza kidogo tu mpaka mipasuko ikaisha, afu akamalizia na jiwe la kusaga ambalo halichagui kigumu na laini. Mwisho akaweka saa ya kupimia kama uso unayumba, akaizungusha flaiwili taratibu mbele yangu, sindano ikawa haitikisiki. Kiwango cha Toyota ni kisizidi milimita 0.1, hii ilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Na kabla sijaondoka akaniambia niangalie meno ya pembeni yanayoshikwa na stata, yakiwa yameliwa ni bora ubadilishe ile ringi hapohapo kuliko kushusha giaboksi tena. Yangu yalikuwa mazima. Huduma ile naipa nyota zote, na ilikuwa sehemu ndogo sana ya gharama yote, ndo maana nashindwa kuelewa kwa nini magereji wanairuka. Kama mipasuko ingekuwa mirefu angekataa kuikereza, alisema mwenyewe, maana flaiwili ikipasuka kwenye spidi inatoboa nyumba ya giaboksi na kinachofuata.

Flaiwili ikiwa nje ndo wakati wa kubadili oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili ya injini isivuje upande wa klachi), hata kama haivuji. Ni kitu cha bei ndogo na tone moja tu la oili likifika kwenye pleti mpya kazi yote imeharibika.

Kurudisha: bolti za flaiwili kwa msalaba, kidogokidogo, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, usikisie kwa mkono. Uso wa flaiwili na wa presha niliufuta na brek klina mpaka kitambaa kikatoka cheupe, vidole vya mtu vina mafuta. Pleti upande wenye springi zilizotokeza unaangalia giaboksi. Kishikio cha plastiki ndani, presha juu, bolti zake nazo kwa msalaba mpaka Nm 19, hapa watu wengi wanakaza kama wanakaza nati za tairi na wanakunja presha. Grisi kwenye meno ya shafti ni utando tu, ikizidi inarushwa kwenye pleti. Kama pleti imekaa katikati giaboksi inaingia yenyewe kwa kuizungusha kidogo, ikigoma usiivute kwa bolti, itoe useti upya.

Matokeo. Pedali ni nzito kidogo kuliko ya zamani, hiyo ni kawaida, presha mpya ina nguvu. Inashika mapema na kwa ulaini, kutetemeka hakuna kabisa, rivasi inaingia bila kelele. Kilomita 500 za mwanzo niliendesha mjini bila mzigo mkubwa, bila kushikilia gari mlimani kwa klachi, ili uso wa pleti na wa flaiwili uzoeane. Baada ya hapo ikapanda Mgeta, na kurudi na mzigo kamili, ikasimama katikati ya mlima na ikaondoka bila harufu yoyote. Kwa kweli nimefurahi sana na hii kitu.

Wenye gari zenye flaiwili ya vipande viwili, kama Land Rover TD5 na dizeli nyingi za Ulaya, haya ya kukereza hayawahusu. Ile ina springi ndani za kumeza mtikisiko wa injini, inapimwa inavyocheza, ikizidi inabadilishwa nzima, na ni ghali kweli, kwa hiyo ulizeni bei yake kabla hamjashusha giaboksi.

Na kwa mwenye 5L anayetaka kununua: nenda na pleti yako ya zamani dukani au tuma picha yake ikiwa na rula juu, hesabu meno ya katikati, pima upana, linganisha na mpya kabla hujalipa. Ongeza oili sili ya nyuma, lita za kutosha za mafuta ya giaboksi, na chupa ya mafuta ya breki, DOT 3, kwa sababu ukishafika huko ni vizuri uyabadilishe na ya klachi.