Mafunzo ya hesabu za gesi joto za kilimo kwa nchi za visiwa: maoni ya mshiriki

Nimemaliza mafunzo ya siku tano ya kukadiria gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, zinazotokana na kilimo, hapa Nairobi pamoja na maafisa wa takwimu kutoka Komoro na Shelisheli, nami nayapendekeza kwa dhati. Mkufunzi alianza na mbuzi: idadi yao huzidishwa kwa kilo 5 za methani (gesi ambayo mbuzi hutoa wakati wa kumeng'enya chakula) kwa mwaka, kiwango cha msingi cha mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kisha kwa 28, kwa kuwa methani huongeza joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule katika miaka 100, ili kupata ulinganifu na kaboni dioksidi. Afisa mmoja alifungua daftari la mifugo lililoandikwa kwa penseli, na tukatumia asubuhi nzima kulihamishia kwenye kompyuta, kazi iliyonifunza kuliko mhadhara wowote. Mbolea ya naitrojeni, ambayo nayo husababisha gesi joto, kwa bahati mbaya ilipewa nusu saa tu.