Programu ya kupima safari za ndege: kilomita sawa, saa ni uongo mtupu

Niseme haki kwanza: kwenye umbali programu hii haina shida. Andika Helsinki, andika Tokyo, inakuletea kilomita kama 7,800, na mstari wake umepinda inavyotakiwa, maana njia fupi juu ya dunia duara kwa kawaida hainyooki kwenye ramani bapa. Kwa hilo tu nilikuwa nimeshaipa nyota tatu.

Sasa njoo kwenye muda. Imeandika saa 8 na dakika 40, maandishi manene ya kijani, hata neno "takriban" hakuna. Nikapanga kwa hesabu hiyo: naondoka Helsinki saa kumi na moja na nusu jioni, naongeza tofauti ya saa saba za majira ya baridi, natua Tokyo saa tatu na ushei asubuhi, saa sita mchana niko kikaoni. Wenyeji wangu nikawaahidi kabisa. Siku ya kukata tiketi yule dada wa dirishani akanitazama, akacheka. Safari hiyo ni karibu saa 13! Ningefika watu wameshaaga.

Ule mstari mzuri unakatiza Urusi karibu njia nzima. Na tangu 2022 Urusi imeyafungia anga lake mashirika mengi ya ndege ya Ulaya, kwa hiyo ndege za Ufini zinazunguka, ama juu kule Ncha ya Kaskazini, ama kusini kupitia Asia ya Kati. Hiyo si siri ya marubani. Na hata kabla ya hapo ilikuwa saa tisa na nusu hivi, si nane. Basi nikachukua kikokotoo: 7,800 gawanya kwa 900. Saa 8 na dakika 40, barabara! Kumbe hiyo ndiyo akili yote niliyoilipia. Kupaa hakumo, kushuka hakumo, kuzunguka hakumo, upepo ndio kabisa. London kwenda New York inakupa muda uleule wa kurudi, wakati aliyewahi kuvuka Atlantiki anajua kwamba ukielekea magharibi upepo unakukabili na unachelewa kama saa nzima.

Bado ningewasamehe. Nikawaandikia kwa adabu, nikawawekea na picha ya skrini. Jibu: "Mpendwa mteja, muda ni makadirio. Kwa muda kamili wasiliana na shirika la ndege." Nikauliza, sasa nyinyi mnalipwa kwa kazi gani? Akaja mwingine, salamu hana: "Sisi tunapima umbali. Kusafiri ni juu yako."

Juu yangu! Tangazo lao zima, kwa herufi kubwa, linajisifia muda wa safari, halafu mtu anakujibu kana kwamba umemgongea mlango usiku wa manane. Nimelisoma jibu hilo mara kadhaa na kila mara hasira inaanza upya.

Zile nyota tatu nimezifuta, nimebakiza moja, ya tofauti za saa, maana inajua Ulaya wanabadilisha saa na Japani hawabadilishi. Nyota ya kilomita siwapi tena. Kilomita napima kwa uzi kwenye tufe la dunia, na uzi haunijibu ovyo.